Fundi na Shaka Yake

Mwezi Agosti mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A, ambayo mwendo wake halali ulikuwa megahezi 300, na haukupita muda mrefu kabla ya habari kuenea miongoni mwa wapenzi wa kompyuta kwamba prosesa hiyo, ikipachikwa katika madabodi inayokubali, yaweza kupandishwa hadi megahezi 450 pasipo gharama yoyote. Maana kizidisho chake kilikuwa kimefungwa kiwandani katika nne na nusu, na mapigo ya msingi ya madabodi yakitolewa milioni 66 kwa sekunde na kuwekwa milioni 100, kuzidisha kulimaliza kazi iliyosalia. Kisa hicho husimuliwa hadi leo kwa furaha kubwa, na aghalabu msimulizi hukoma papo hapo penye faida. Mimi naona hapo ndipo kinapoanza, kwa kuwa waliopata megahezi 450 walikuwa wengi mno, lakini waliokuwa na yakini kwamba wamezipata walikuwa wachache, na baina ya makundi hayo mawili pana umbali ambao hauvukiki ila kwa ufundi.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu. Kuiharakisha prosesa kupita kiwango cha kiwanda, jambo ambalo vijana wetu huliita kuovakloki, ni kazi ya kubonyeza vitufe vichache katika ukurasa wa BIOS, na mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kabla chai yake haijapoa. Kuithibitisha prosesa hiyo, yaani kujua kwa insafu kama mwendo iliyopewa inauhimili usiku na mchana, katika kazi nzito na katika kazi nyepesi, ni sanaa yenye adabu zake. Na wanaoimudu hawapati sifa wanayostahili, kwa sababu matunda ya kazi yao ni mambo ambayo hayakutokea: kompyuta haikuzima, picha haikukatika, hesabu haikukosewa, na ni nani ashukuruye kwa jambo lisilotokea?

Yafaa kwanza ijulikane ile faida inatoka wapi. Prosesa hukatwa kwa mamia katika sahani moja ya silikoni, lakini hazitoki zikiwa sawa. Nyingine ni hodari, nyingine ni dhaifu, na kiwanda huzipima zote, huzigawa kwa madaraja, kisha huliandikia kila daraja mwendo ambao hata iliyo nyonge kuliko wenziwe itauhimili, tena katika hali mbaya: chumba chenye joto, feni iliyojaa vumbi, umeme unaoyumba, na miaka ya kuchakaa. Kwa hiyo baina ya mwendo ulioandikwa na mwendo ambao prosesa uliyo nayo yauweza hasa, pana nafasi iliyoachwa kwa hadhari, na nafasi hiyo ndiyo anayoila mwenye kuharakisha. Mkazi wa mji wa baridi huko Ulaya, mwenye umeme usiotikisika, anapoila akiba hiyo huila kwa haki, kwa kuwa hali mbaya iliyohofiwa na kiwanda haitamfikia maishani mwake. Lakini sisi wa Isiolo tujiulize, hali hiyo iliyohofiwa ni ya nani? Chumba chenye joto ni chetu. Vumbi ni letu, na umeme unaoyumba ni wetu. Akiba ile iliwekwa kwa ajili yetu, na mwenye kuila hapa hali cha ziada, anakula kinga yake mwenyewe.

Mji wetu umekaa kaskazini mwa Mlima Kenya, mahali ambapo baridi ya Timau hukoma na nyika huanza, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hakitoshi kutupa ubaridi, ila chatosha kutupunguzia hewa: hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika kumi, na feni izungukayo kwa kasi ile ile huipitishia hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachoipoza prosesa, hewa pungufu, ikaondoa joto pungufu. Ya Nairobi ni nyepesi zaidi, lakini angalau ni ya baridi. Sisi tumekosa huku na huku. Februari na Machi, saa nane mchana, chumba chenye paa la mabati hupita digrii 30 bila taabu, na kila digrii inayoongezeka chumbani huongeza karibu digrii nzima ndani ya prosesa. Vumbi nalo lina tarikhi yake: kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi ilikomea hapa, na malori ya Marsabit na Moyale yaliingia na kutoka mjini yakitimua wingu; lami ilipofika Moyale katika muongo uliopita wingu lilipungua, lakini barabara nyingine ziendazo nyikani, na vichochoro vya Bulapesa na Kulamawe, vingali na vumbi la kuziba mapezi ya hitisinki katika kiangazi kimoja. Na umeme, ambao kwa maandishi ni volti 240, jioni watu wanapowasha taa na televisheni kwa pamoja hufanya upendavyo.

Msomaji atauliza, ni nani basi katika mji huu mwenye haja ya kuharakisha chochote? Saiba zetu hazina haja hiyo. Kazi yake ni fomu za serikali za eCitizen, barua na kuchapisha, na kompyuta zake nyingi ni za mezani zilizokwisha tumika katika ofisi za ng'ambo, ambazo vizidisho vyake vimefungwa na hazisikii amri ya namna hii. Wenye haja ni wapiga video. Harusi ya Kiborana au ya Kisomali huleta jamaa kutoka mbali, hupigwa picha saa nyingi, na siku ya tatu mama wa bwana harusi ameanza kupiga simu kuulizia filamu. Na kuikamilisha filamu hiyo ni kuitumikisha prosesa kwa viini vyake vyote, usiku kucha. Mpiga video akibahatika kupata prosesa yenye kizidisho kilicho wazi, mathalani Core i7-6700K ya mwaka 2015, yenye viini vinne na mwendo wa msingi wa gigahezi 4.0, ambayo siku hizi hupatikana ikiwa imekwisha tumika, hushikwa na tamaa ya kuipandisha hadi 4.6. Ni tamaa halali, nami simlaumu.

Lakini hesabu haina huruma. Joto la prosesa huongezeka sambamba na mwendo, na huongezeka kwa mraba wa volti. Tuseme prosesa ilitosheka na volti 1.20 ilipokuwa katika gigahezi 4.0, na sasa katika 4.6 inadai volti 1.35: mwendo umezidi kwa asilimia 15, volti kwa asilimia 12 na nusu, ila joto limezidi kwa karibu asilimia 46. Na prosesa hiyo ikigusa digrii 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, hata ikawa mwenye nayo hujigamba barazani kwa 4.6 aliyoiandika katika BIOS, ilhali saa nane mchana, kazi inapokolea, mashine imeshuka kimyakimya chini ya pale ilipokuwa kabla hajaigusa. Fahari za namna hiyo ni nyingi, na huzimwa kwa kutazama kipimo cha joto na kipimo cha mwendo kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwenye fahari aghalabu hapendi kulifanya.

Chombo ambacho mafundi wa dunia nzima wamekikubali kwa upimaji hakikutungwa kwa ajili yao. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa kutafuta namba tasa kubwa za aina iliyochunguzwa na padri Mfaransa Marin Mersenne katika karne ya 17, akaandika programu iitwayo Prime95, ambayo watu wa nchi nyingi huiacha katika kompyuta zao ipige hesabu wakati wao wamelala. Ni mradi huo uliotangaza, Oktoba 2024, namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Sasa, hesabu za namna hii hazivumilii kosa hata dogo: tarakimu moja ikiharibika njiani, kazi ya majuma imepotea, tena pasipo dalili, kwa kuwa jibu la uongo lina sura ile ile ya jibu la kweli. Kwa miaka mingi kila namba ilihesabiwa mara mbili katika mashine mbalimbali, na jibu likakubaliwa pale tu yote mawili yalipolingana. Zaidi ya hayo, Woltman aliitia programu yake tabia ya kujishuku. Kuzidisha kwake namba kubwa hupitia njia ya desimali, na mwisho wa kila hatua matokeo hayana budi kuangukia karibu sana na namba nzima. Programu huutazama ule umbali mdogo uliobaki, na ukizidi 0.4 humsimamisha mfanya hesabu aliyewekwa katika kiini kilichokosea, huandika kosa, na haiendelei. Mafundi walipoona hivyo wakatambua kwamba wamepata walichokitafuta, mashine inayofanya kazi nzito kuliko kazi zote huku ikijikagua, na tangu hapo namba tasa zimekuwa hakimu wa mambo ambayo padri Mersenne hakuyaota.

Namjua fundi mmoja hapa mjini ambaye namna yake ya kufanya kazi yastahili kuelezwa. Meza yake haina pambo. Pana kompyuta iliyovuliwa ubavu, brashi ya rangi ya kufagilia vumbi, kipimajoto cha ukutani alichokining'iniza palepale hewa inapoingia, na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: saa, joto la chumba, mwendo, volti iliyoandikwa, volti iliyoonekana, joto la kila kiini, matokeo. Jambo la kwanza afanyalo kwa mashine iliyoletwa kwa shutuma za kuharakishwa vibaya ni kurudisha mipangilio yote ya kiwanda na kuipima hivyo hivyo, kwa sababu nyingi zilikuwa wagonjwa tangu zamani na mwendo mpya umesingiziwa tu. Kisha hufagia, hukwangua pesti ya joto iliyokauka ikawa chokaa, hupaka mpya. Kumbukumbu za RAM huzishusha katika mwendo wake wa kawaida na kuzipima peke yake kwa Memtest86, kwa kuwa RAM mbovu na prosesa isiyo thabiti huanguka kwa namna zinazofanana mno, na asiyezitenga atashtaki isiyo na hatia. Baada ya hayo ndipo anapopandisha kizidisho, hatua moja, akapima, akaandika; hatua nyingine, akapima, akaandika. Habadili mambo mawili kwa wakati mmoja hata mwenye kompyuta akiwa amesimama mlangoni na pikipiki imewashwa.

Siku moja nilikuwapo alipofika kwenye kizidisho cha 46, yaani gigahezi 4.6, kwa volti 1.30. Dakika chache hazijatimia, mfanya hesabu wa tatu akasimama. Wenzake watatu wakaendelea, skrini haikutikisika, feni haikubadili sauti, na mtu asiyesoma ule mstari mmoja wa maandishi angeapa kwamba mambo ni shwari. Mwanafunzi wake akanyoosha mkono aongeze volti. Yeye akamzuia, akaweka kidole juu ya safu mbili za daftari: volti iliyoandikwa ilikuwa 1.30, lakini iliyoonekana, mzigo ulipokolea, ilikuwa 1.25. Prosesa haikuwa imekosea kwa 1.30, maana haijapata kuionja. Swali likawa si kiasi gani kiongezwe, ila kwa nini kilichoamriwa hakifiki. Madabodi zina mpangilio wa kufidia mshuko huo, wenye ngazi kadhaa; akapanda ngazi moja ya kati, akaiacha ya juu kabisa, kwa maelezo kwamba fidia ikiwa kali, mzigo unapoondoka ghafla volti hurukia juu kwa nukta ya wakati isiyoonekana katika kipimo cha kawaida, na mapigo ya namna hiyo ndiyo yanayoizeesha silikoni. Akapima tena. Wafanya hesabu wote wanne wakaendelea hadi jioni, naye hakuandika kwamba imefaulu. Aliandika kwamba imefaulu jioni. Kwake jaribio la usiku ni nusu ya ushahidi, na nusu ya pili hutolewa na saa nane mchana ya siku inayofuata, mlango ukiwa wazi na bati likilia kwa jua.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi huu ni kusoma dalili zisizotaka kusema. Windows huandika katika kumbukumbu zake za matukio namba 41 kila mashine inapokufa bila kuaga, na wengi wakiiona namba hiyo huilaani prosesa; kumbe haisemi lolote ila kwamba mashine ilikufa, na katika mji wetu mtuhumiwa wa kwanza ni stima. Kwa hiyo fundi wetu hapimi chochote pasipo UPS. Namba 18 ni nzito zaidi, kwa kuwa huandikwa vyuma vyenyewe vinapokiri kosa lililoua. Lakini anayoitafuta kwa bidii ni namba 19, kosa lililotokea likasahihishwa ndani kwa ndani: mtumiaji hakuona kitu, kazi haikukatika, na mashine, kwa uaminifu ambao binadamu wengi hawanao, imejiandikia yenyewe. Mwenye haraka husema maadamu limesahihishwa halina neno. Fundi hulichukua kuwa habari ya kosa lijalo ambalo halitasahihishika. Ipo pia mashine ya ajabu, inayostahimili mtihani mzito mchana kutwa kisha ikaganda mtu akiwa anasoma barua tu. Na sababu yake ni kwamba prosesa ikipumzika hushusha mwendo na volti pamoja, na aliyepunguza volti kote kote ili apunguze joto amepunguza na kule chini, ambako hakukuwa na cha kupunguza.

Mashine inayozima ghafla ni adui wa wazi. Mwenye nayo hukasirika, hutafuta fundi, mambo hutengenezwa. Ninayoiogopa mimi ni ile inayokosea bila kuzima: inayohifadhi faili la harusi likiwa na kasoro katikati, inayobana nyaraka za biashara zikawa hazifunguki mwaka ujao, inayojumlisha vibaya na kuonyesha jumla kwa utulivu kamili. Wanawake wa Isiolo wanaokusanya maziwa ya ngamia yaendayo Eastleigh, Nairobi, wanaijua hatari hii kuliko wahandisi wengi, kwani hunusa na kuonja kila mtungi uletwao kabla ya kuumimina pamoja na mingine, wakijua kwamba mtungi uliochacha huharibu mzigo mzima, na Nairobi ndiko hilo litakakogunduliwa, wakati hakuna wa kuulizwa. Wao hawaoni haya kuushuku mtungi wa jirani mwema, wala jirani hachukii.

Na asidhani mtu kwamba shaka hii yawahusu wenye kuharakisha peke yao. Katika mwaka 2024 dunia ilishuhudia prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile za daraja la juu, zikianguka katika mikono ya watu ambao hawakuzigusa. Michezo ilikatika, na mingine ililalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, hata watu wakanunua kadi nyingine bure, ilhali aliyekuwa akikosea ni prosesa, iliyoshindwa kufungua mafaili yaliyobanwa pasipo kuyaharibu. Baada ya uchunguzi wa miezi kadhaa Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuzeeka kabla ya wakati. Ikatoa marekebisho mwezi Agosti, ikaongeza miaka miwili katika dhamana, na ikakiri kwamba iliyokwisha kuharibika haitaponywa na marekebisho. Katika kushindania mwendo, kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuila ile akiba kabla ya mnunuzi kufika. Nilipoisoma habari hiyo sikuona ajabu kubwa. Niliona kwamba daftari la mistari lahitajika hata pale mtu anapoacha kila kitu kama kilivyotoka sandukuni.

Kuna wanaotukuza rekodi. Mwezi Machi 2024 prosesa moja ilifikishwa gigahezi 9.1 kwa kumwagiwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika, na ulimwengu wa wapenzi ukapiga makofi. Ni maonyesho mazuri, nami huyatazama. Ila rekodi hudai mashine iwe hai kwa muda wa kupigwa picha tu, na mashine isiyotakiwa kuishi haina la kumfundisha mtu mwenye filamu ya harusi ya kukabidhi Jumatatu.

Kwa upande wangu namwona bora yule anayefika 4.6, akaipima mchana wa Februari, akaona kiini kimoja kinasitasita, akarudi 4.4 na volti ndogo, na asione fedheha kuwaambia wenziwe barazani kwamba amerudi. Katika hesabu ile ile tuliyoifanya, kushuka hatua hizo mbili huondoa joto jingi kuliko kunavyopunguza mwendo, na filamu huchelewa dakika chache ambazo mama wa bwana harusi hatazijua.

Nawe msomaji, ukienda kununua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, iwe hapa Isiolo, Meru au Nairobi, usiridhike na mwendo utakaoonyeshwa katika skrini. Mwombe muuzaji airudishe kwanza katika mipangilio ya kiwanda, aiache ipige hesabu za Prime95 mchana, mzigo wote, na wewe umekaa hapo. Kisha fungua kumbukumbu za matukio utazame kama kuna namba 18 au 19. Akikataa, weka fedha zako mfukoni uende duka la pili.